Baba zetu wa gengi, bandari na kota: mlijuaje kama wanawapenda?

MtotoWaGengi:

Wakuu, habari za Jumapili. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Nina jambo limenikaa kooni tangu arobaini ya mzee wetu, mwezi uliopita. Wageni walikuwa wameshaondoka, tumebaki ndugu wanne barazani na mama. Kijana wangu akapita na mwanawe wa miezi mitano begani, anambusu, anamwimbia, anamwita "bosi wangu". Dada yetu mdogo akamtazama, kisha akasema bila hata kupunguza sauti: "Sisi baba hakutupenda. Alitulisha tu." Nikamjibu vibaya. Naye akanijibu vibaya zaidi. Mama, ambaye ameshapita miaka 80, akatuambia kama tunataka kugombana tukagombane mbali na mkeka wake. Hatujapigiana simu mpaka leo.

Sasa nauliza nyie mliolelewa na baba wa reli, wa bandari, wa mkonge, wa viwandani, baba wa mshahara mdogo na kazi ngumu. Mlijuaje? Siulizi kama walitimiza wajibu, hilo najua. Nauliza mlijuaje kwamba mnapendwa.

Niwaeleze wa kwetu. Baba alikuwa mtu wa gengi Reli ya Kati, kipande cha kati ya Tura na Malongwe, ukiwa unaikaribia Tabora kutokea Dar. Kwa wasiojua, gengi ndio kikosi cha kutunza njia. Si dereva, wala si gadi mwenye bendera na filimbi, ambaye kila mtoto wa kota alitaka kuwa yeye. Ni wale mnaowaona dirishani wamesogea pembeni na sululu na mitaimbo, treni inapita, wanafunika nyuso kwa ajili ya vumbi. Reli ile Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na mataruma yake, yale yanayolazwa chini kubeba reli, ni ya chuma. Jua la Oktoba likiwaka chuma kinatanuka, njia inataka kupinda. Masika maji yanakula tuta. Kwa hiyo gengi haina msimu wa kupumzika: wanasindilia kokoto chini ya taruma, wanakaza, wanapima, na wakimaliza kipande chao cha mwisho, cha kwanza kimeshalegea.

Nyumba zetu zilikuwa sita za safu moja, hatua chache kutoka njiani, nyuma pori la miombo. Kiangazi maji yaliletwa na treni. Mshahara pia uliletwa na treni. Mpaka utu uzima wangu nilikuwa naona kama kila kitu chema duniani kina magurudumu ya chuma. (Mzee mpaka anakufa alikuwa anamwita mwajiri wake "Isti Afrika", ingawa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na kila nchi ikachukua reli yake.)

Alitoka alfajiri, akarudi saa 10 jioni. Akirudi anakaa kwenye kigoda, mama anampa maji ya miguu, kimya. Hakuwa mkali, niseme kweli. Alinipiga mara moja tu, siku niliyoweka sikio relini kusikiliza treni kama inakuja. Lakini maneno hakuwa nayo. Mwaka 1973 nilipoanza darasa la kwanza ilibidi nikakae kwa shangazi Tabora. Alinisindikiza kwa miguu hadi stesheni ya Tura, akaninyanyua kwa makwapa kuniingiza behewa la daraja la tatu kama anapakia gunia la karanga, akamwambia gadi, "Huyu anashuka Tabora," akaondoka. Treni ilipong'oa ikamkuta mbele, anatembea kando ya njia kurudi gengi. Nikatoa kichwa dirishani. Hakuinua uso.

Nilimwandikia barua kama tulivyofundishwa: "Baba mpendwa, shikamoo. Madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako." Ukurasa mzima. Majibu aliandikiwa na nyapara, maana yeye hakujua kuandika. Mstari mmoja: "Pesa ya madaftari nimempa gadi."

Sasa kuna kitu kimoja, na ndicho ninachompigia nacho dada yangu. Kucha. Jumamosi moja baada ya nyingine, jioni kabla mwanga haujaisha, alikuwa anatutengeneza watoto wote kwa wembe, na mimi nikiwa likizo nimo. Anashika kidole kimoja kimoja. Kiganja chake kilikuwa kama gome la mninga, lakini kidole chako ukikiweka pale hukisikii. Vidole 10 vya mikono, 10 vya miguu, hana haraka, yeye ambaye kula alikuwa anakula kama anakimbizwa. Akimaliza anapitisha dole gumba lake juu ya kila ncha, kutafuta palipobaki pakali. Miaka yote ile hakumkata hata mtoto mmoja.

Dada anasema ule ulikuwa usafi tu, kama kuogesha mbuzi. Nyie mnasemaje?

BintiWaMajengo:

Pole kwa msiba, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa sababu mimi ni nyanya mtu, na hii simu nimefunzwa na wajukuu.

Babangu alikuwa kibarua wa bandarini, Mombasa. Alitoka Taita akiwa kijana, akalala Majengo chumba kimoja na wanaume watano, vitanda vinapokezanwa: wa usiku akirudi, wa mchana ameshaamka. Mama na sisi tulibaki kule milimani. Watu siku hizi huuliza mbona wazee wale hawakuishi na watoto wao. Waishi nao wapi? Mshahara wenyewe ulikuwa umehesabiwa wa mtu mmoja, kapera, eti mke na watoto watalishwa na shamba. Hata serikali ya mkoloni ilikuja ikakiri. Ile kamati ya Carpenter mwaka 1954 ilisema mshahara wa chini utoke kwenye hesabu ya kapera uende kwenye hesabu ya mtu mwenye familia. Mpaka hapo, kwenye vitabu vyao, babangu hakuwa baba wa mtu.

Mara ya kwanza kumwona nikiwa na akili zangu nilikimbia nikamwambia mama kuna mgeni. Tulikuja kukaa naye Mombasa nikiwa na miaka 8 hivi. Hakuwa msemaji, ila ukimgusia mgomo wa Januari 1947 alichangamka mpaka utamshangaa. Siku 12 mji mzima ulisimama, bandari, reli, hoteli, hata wapishi wa Wazungu, na watu wakikutana Kiwanja cha Maskini kumsikiliza kiongozi wao, Chege Kibachia. Angekuhadithia hayo mpaka chai ipoe. Ya moyoni mwake hakuhadithia.

Lakini sikiliza hili. Kibarua wa bandari zama zile hakuwa na uhakika wa kesho. Alfajiri unasimama na wenzio, unaitwa au huitwi. Babangu alitoka kila siku alfajiri na kurudi kila siku jioni, nasi tukijua anafanya kazi kila siku. Siku moja nimetumwa sokoni Mwembe Tayari, adhuhuri jua la utosi, nikamwona amekaa chini ya kivuli cha ukuta, viatu amevua ameviweka kando. Hakuitwa siku hiyo. Na alikuwa hawezi kurudi nyumbani, kwani angerudi mapema tungejua. Aliniona. Akaniambia, "Nenda, usimwambie mamako." Basi.

Jioni akaja amechoka kama aliyebeba magunia. Nikampelekea maji. Hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja, na mama alikufa sijamwambia. Ukiniuliza mimi nilijuaje, nilijua pale ukutani.

Kinyozi_Mstaafu:

Naomba nitofautiane na nyie, na samahani kwa mwenye msiba.

Tunawapamba sana hawa wazee. Mimi nimekulia kota za mgodini, sitaji mgodi gani. Baba yangu naye alikuwa kimya. Ukimya wake ulikuwa wa mtu anayesubiri sababu. Mkanda ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na mwisho wa mwezi alikuja na harufu ya gongo na mfuko mtupu. Mama akituambia "baba yenu amechoka". Sawa, amechoka. Ila ukuta wa pili alikaa mwenzake wa zamu ileile, mshahara uleule, shimo lilelile. Yule alikuwa anacheza bao na wanawe mchangani mpaka giza linaingia, wanabishana, wanacheka, anawaibia kete makusudi wamkamate. Nilikuwa nasikiliza kwa ukutani.

Kwa hiyo mkisema ilikuwa ni umaskini, ni ukoloni, ni enzi zile, nawauliza: yule jirani aliishi enzi zipi? Kazi ilikuwa ileile. Watu walikuwa wawili.

Mleta mada, usimlazimishe dada yako. Inawezekana mlilelewa na baba mmoja na kila mmoja wenu akapata baba wake. Mpigie, lakini usimpigie ili umshinde.

MjukuuWaManamba:

Nyie mnajadili baba waliokaa kimya, kwetu hata kimya chenyewe hatukukipata. Babu yangu mzaa mama alichukuliwa Kasulu miaka ya 50 kwenda mkongeni Tanga. Wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kukusanya watu tangu 1944, SILABU, linawaleta kutoka Kigoma, Unyamwezi, Ubena, mpaka Msumbiji. Ukifika unapewa namba, ndiyo maana ya manamba. Unapewa na kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi, na siku haihesabiwi kwenye kipande mpaka umalize kazi uliyopimiwa.

Alituma manioda, hela kwa posta, mara mbili. Ya pili ilikuja na salamu kwamba yuko upande wa Korogwe na anakohoa kidogo. Baada ya hapo hakuna.

Mama yangu hakuwahi kumsema vibaya wala vizuri. Ila redio ikitaja Korogwe, hata iwe ni habari ya mafuriko au mpira, alikuwa anaacha anachofanya na kuongeza sauti.

Sina swali. Nimepita tu.

Zamu_ya_Usiku:

Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote kuanzia juu. Nyie wote mnaandika kama watoto. Mimi ni mmoja wa hao baba mnaowasema, bado nipo hai, basi niwape upande wa pili.

Nilianza kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa na Wachina, kilipokuwa bado kinanuka rangi. Kilifunguliwa 1968. Mimi upande wa kufuma. Zamu tatu, unazunguka: wiki hii asubuhi, ijayo mchana, inayofuata usiku. Mashine zile zinapiga kelele kiasi kwamba mnaongea kwa midomo na mikono. Ukitoka nje masikio yanaendelea kuvuma kwa saa nzima. Mtoto anakwambia neno, unaona mdomo, husikii. Unamwambia "nenda kwa mama yako". Yeye anaondoka anajua baba hamtaki. Baba hajasikia.

Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Manzese, mke na watoto wanne. Wiki ya usiku nalala mchana, wao wanafukuzwa nje wasinipigie kelele. Wanangu wanaujua mgongo wangu kuliko uso.

Lakini hiyo ni sababu nusu. Nusu nyingine sijawahi kuisema, nitaisema humu kwa kuwa hamnijui. Mtoto ukimpakata jioni, asubuhi anakuomba viatu. Ana haki, si umempakata? Sasa huna. Ukimwambia sina mara ya kwanza anaelewa, ya pili anaelewa, ya tatu unauona uso wake unabadilika. Ule uso nilikuwa siuwezi. Mwanangu wa kwanza alipofika darasa la pili nikaamua kukaa mbali, asizoee kuniomba. Nikawa baba wa kuogopwa, kwa sababu anayeogopwa haombwi viatu. Mkasa wenyewe ni kwamba mbinu ilifanya kazi. Baadaye nikawa na hela kidogo, nikataka waniombe, hawakuniomba tena. Mpaka leo wananiletea mimi. Wanaweka mezani, wananisalimia, wanaangalia saa.

Kinyozi amesema kuhusu jirani wa bao. Kweli, nilikuwa na wenzangu wa namna hiyo. Sijui walikuwa wanajibu nini asubuhi kuhusu viatu. Labda walisema "sina" wakacheka, na mtoto akacheka. Mimi kucheka kule sikukuweza, ni udhaifu wangu, siusingizii mshahara.

Mwenye mada, umeeleza mikono ya baba yako mpaka nimeitazama yangu. Lakini kuna kitu umeruka. Mtu hawezi kukata kucha 20 za mtoto, kisha za mwingine na mwingine, akiwa bubu kabisa. Hata mimi nilikuwa na neno. Akikata alikuwa anasema nini?

Kinyozi_Mstaafu:

Mzee, shikamoo. Hiyo ya viatu imeniingia. Sijamsamehe wa kwangu, ila hiyo imeniingia.

MtotoWaGengi:

Bi mkubwa wa Majengo, shikamoo. Mzee wa zamu ya usiku, shikamoo. Wengine wote nashukuru, na wewe wa Korogwe pia, ingawa umesema umepita tu.

Mzee, swali lako lilinikesha. Ni kweli alikuwa anasema kitu, na nilikuwa nimekisahau kwa sababu ni kidogo mno. Akimaliza mtoto mmoja, akishapitisha lile dole gumba, alikuwa anagonga wembe mara mbili kwenye mguu wa kigoda kudondosha vipande, anasema bila kuinua kichwa: "Nani bado?" Ndiyo hivyo tu. Na sisi tunasukumana, mimi bado, huyu bado, mwingine anaficha vidole vilivyokwisha kukatwa ili apate zamu ya pili. Anavitambua. Anamsukuma kwa kisigino cha mkono, "Wewe tayari," na nafikiri, wakuu, nafikiri alikuwa anatabasamu.

Basi nikampigia dada. Nikafuata ushauri wa Kinyozi, sikwenda kushinda. Nikamuuliza tu, baba alikuwa anasema nini akikata kucha. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Nani bado." Halafu akasema, "Mpaka mwaka wa surua."

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho mwanzo sikukiandika. Nilisema tuko ndugu wanne. Tulikuwa watano. Mwaka 1975 surua ilipita pale gengi, mimi nikiwa shuleni Tabora. Ilimkamata dada huyu, alikuwa na miaka 6, na mdogo wetu wa mwisho wa miaka 4. Walilazwa mkeka mmoja, shuka moja. Mmoja akainuka. Mimi nilirudi likizo nikakuta kaburi limeshaota majani, na hakuna aliyenihadithia chochote. Kwa akili zangu za miaka 9 nikaendelea na maisha.

Dada anasema baada ya hapo baba hakusema tena "Nani bado?" Alituita kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Mimi nilikuwepo likizo zile zote, nilikaa mbele ya kigoda kile, na sikuliona hilo. Yeye aliliona. Tena akaniambia jambo ambalo sikulijua kabisa: "Na mimi hakuniita. Kuanzia mwaka ule kucha zangu alikata mama. Nyie watatu mnaitwa, mimi nakaa jikoni nasikia wembe unagongwa. Nilifikiri ananidai kwa nini niliamka mimi." Miaka karibu 50, wakuu. Na mimi nilikuwa namwambia akumbuke kucha, akumbuke kucha, kama hoja yangu ya ushindi.

Sikuwa na la kusema. Nikamuuliza kama watoto hawajambo.

Juzi nimekwenda kwa mama. Nimemuuliza taratibu, wakati anachambua mchele, kwa nini baba aliacha kumkata kucha binti yake. Hakushangaa swali. Alisema alijaribu mara moja, wiki kadhaa baada ya msiba. Akamshika mtoto kidole, akaweka wembe, mkono ukaanza kutetemeka. Akauweka chini, akaunyanyua tena. Ukatetemeka tena. Kwa wengine haukutetemeka, kwa yule tu. Akamwambia mama, "Mkate wewe, mimi nitamuumiza," akatoka nje kuangalia njia, na siku ile ilikuwa Jumamosi jioni, hakuna kazi.

Mama akaendelea na mchele wake. Dada bado sijamwambia.